Mtoto wa Johannesburg katika mieleka ya Jumatatu

Makala haya yanautazama mchezo unaopendwa na wengi na kudharauliwa na wengi vilevile, yaani mieleka ya kulipwa.

Ilikuwa saa nane za usiku, Jumanne tarehe 6 Mei mwaka 2014, na sehemu kubwa ya jiji la Johannesburg ilikuwa imelala. Ilibaki siku moja tu raia wa Afrika Kusini wapige kura katika uchaguzi mkuu wa tano tangu kuporomoka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi. Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa tisa za usiku. Lakini mjini Albany, katika jimbo la New York nchini Marekani, ilikuwa ingali saa mbili za usiku wa Jumatatu, na mashabiki walikuwa wamekusanyika ukumbini kukitazama kipindi cha Raw, ambacho kampuni ya WWE imekuwa ikikionyesha kila wiki tangu Januari mwaka 1993.

Usiku huo mtu aliyezaliwa Johannesburg alijitokeza katika Raw kwa jina jipya la Adam Rose. Kwa mtazamaji wa Soweto au wa Sandton, hakuna kitu katika mavazi yake, katika nyimbo zake wala katika vituko vyake kilichomtambulisha kuwa ni mwenyeji wa jiji hilo. Makala haya yanakirejea kipindi kile cha Jumatatu, kwa sababu ndani ya dakika zake chache za mzaha mlikuwa na jambo linaloihusu Johannesburg kuliko watayarishaji wake walivyojua.

Deni la Jumapili

Kwa msikilizaji asiyeufuatilia mchezo huu, yafaa kueleza kwanza kawaida yake. Mshindi wa kila pambano huamuliwa kabla ya wanamieleka kupanda ulingoni. Maumivu ya kuanguka ni ya kweli, mifupa huvunjika kweli, lakini mwendo wa hadithi huandikwa, kama unavyoandikwa mchezo wa kuigiza. Hadithi hizo hukuzwa wiki baada ya wiki katika vipindi vya televisheni, kisha hufikia kilele katika onyesho kubwa, ambalo wakati huo kwa kawaida lilifanyika Jumapili. Jumatatu iliyofuata ilikuwa na kazi mbili. Kwanza, kulipa madeni ya jana: nani ameshinda, nani ameumia, nani anataka kisasi. Pili, kupanda mbegu mpya. Ndiyo maana mashabiki wa siku nyingi husema kwamba ukitaka kujua kampuni inamthamini nani, tazama anayepewa nafasi siku ya pili baada ya onyesho kubwa.

Jumapili ya Mei 4 lilifanyika onyesho la Extreme Rules huko East Rutherford, New Jersey. Daniel Bryan, aliyekuwa ameutwaa ubingwa mwezi mmoja kabla katika WrestleMania ya 30, aliutetea dhidi ya jitu Kane. Vijana watatu wa kundi la The Shield waliwashinda wakongwe wa kundi la Evolution, na Bray Wyatt alimshinda John Cena ndani ya kizimba cha chuma. Katika pambano la watu watatu, Cesaro, mzaliwa wa Uswisi, aliwashinda Rob Van Dam na Jack Swagger. Pambano hilo la Cesaro ndilo linalotufikisha kwenye habari ya leo.

Kipindi cha Jumatatu kilizilipa sehemu kubwa ya hesabu hizo vizuri. Triple H, kiongozi wa Evolution na bosi katika hadithi, aliwalipizia kisasi vijana wa The Shield kwa kumlazimisha mmoja wao, Dean Ambrose, autetee Ubingwa wa Marekani katika vurumai la watu 20, ambamo anayetupwa nje juu ya kamba huwa ametoka. Ambrose alikuwa ameushika mkanda huo kwa siku 351. Alipigana hadi wakabaki wawili, kisha akatupwa nje na Sheamus, mtu wa Dublin nchini Ireland. Hapo palikuwa na uandishi mzuri: hasira ya Jumapili ilizaa adhabu ya Jumatatu, na adhabu ikambadilisha bingwa. Mtazamaji aliyeikosa Jumapili aliielewa sababu, na aliyeiona hakuchoshwa.

Kwa ufupi, kipindi kizuri. Lakini ndani yake mlikuwa na kipande kifupi ambacho wachambuzi wengi walikipita kama kichekesho cha kupumzisha watu, nacho ndicho kinachostahili kutazamwa tena.

Mchukia wageni na mpenda karamu

Ulingoni alikuwapo Jack Swagger akiwa na msemaji wake, Zeb Colter, mzee mwenye masharubu marefu. Mhusika huyo wa Colter aliletwa katika televisheni ya WWE mapema mwaka 2013 kwa kazi moja tu: kuwachukia wahamiaji. Alidai kwamba wageni wanaiharibu Marekani na wanachukua nafasi za wenyeji. Katika wiki za kuelekea WrestleMania ya mwaka 2013, chuki hiyo ilielekezwa kwa Alberto Del Rio, mwanamieleka kutoka Mexico. Baadaye, kwa kichekesho ambacho waandishi walikifurahia wenyewe, Colter alimwongoza Swagger pamoja na Cesaro, yule Mswisi, katika kundi lililoitwa Wamarekani wa Kweli. Kufikia Mei 2014 Cesaro alikuwa amekwisha kumtupa mkono, na Jumapili ile ndiye aliyemshinda Swagger.

Mbele ya watu hao wawili wenye machungu ndipo ulipoingia msafara wa Adam Rose. Muziki wa kurukaruka ulisikika, watu waliovaa mavazi ya ajabu wakamwagika ukumbini wakicheza ngoma, na katikati yao akatokea mwanamume mrefu mwenye nywele ndefu, aliyejitangaza kuwa ni mtu wa karamu tu. Katika msamiati wake, aliyekubali kucheza alikuwa chipukizi la waridi, na aliyenuna alikuwa limau. Wapenzi wa filamu walimwona kuwa amefinyangwa kwa mfano wa Aldous Snow, mwanamuziki wa kubuni aliyeigizwa na Mwingereza Russell Brand katika filamu ya mwaka 2010. Akawachezea shere Colter na Swagger, kisha akaenda zake na msafara wake.

Ukumbi ulicheka. Aliyeandika kipande kile alijua anachofanya: ukimpinga mwenye chuki kwa hoja, atabishana nawe usiku kucha, lakini ukimchezea ngoma, anabaki peke yake na uso wake uliokunjamana. Hata hivyo jambo lililokuwa wazi kabisa liliachwa bila kutumiwa. Aliyemcheka mchukia wahamiaji alikuwa yeye mwenyewe mhamiaji. Alizaliwa mwaka 1979 mjini Johannesburg, akapanda ndege kwenda Marekani kutafuta riziki, akaanza kwenye ngazi ya chini kama wageni wote. Ukweli huo ulikuwa umesimama ulingoni, lakini haukufanywa kuwa kiini cha hadithi.

Safari ya Raymond Leppan

Jina lake halisi ni Raymond Leppan. Katika miaka ya 2000 alipigana mieleka nyumbani Afrika Kusini, katika kampuni ya World Wrestling Professionals, nyakati ambazo mashabiki wa huko walikuwa tayari wameizoea mieleka ya Marekani kupitia e.tv, kituo kisicholipiwa kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1998. Mwaka 2010 aliingia katika Florida Championship Wrestling, iliyokuwa shule ya WWE ya kuwalea wanamieleka. Mwaka huohuo, tarehe 7 Juni, Mwafrika Kusini mwenzake, Justin Gabriel wa Cape Town, alikuwa miongoni mwa vijana wa kundi la Nexus waliouvamia ulingo wa Raw na kuuvunjavunja, siku nne tu kabla ya Kombe la Dunia la kandanda kufunguliwa mjini Johannesburg. Ilionekana kwamba mlango kwa watu wa kusini mwa Afrika ulikuwa umefunguka.

Huko Florida Leppan aliitwa Leo Kruger, na kwa jina hilo akatwaa ubingwa wa shule ile. Kruger alikuwa Mwafrika Kusini wa jinsi Mmarekani anavyomwazia: mwindaji na mamluki, mtu wa pori na bunduki, mwenye macho ya kutisha. Jiji lenye magari, maghorofa na mamilioni ya wakazi, lililojengwa juu ya dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1886, halikuwamo katika umbo hilo. Baada ya muda Kruger naye alionekana hauziki. Mapema mwaka 2014 mwindaji akazikwa na mpenda karamu akazaliwa.

Filamu ya habari iliyoonyeshwa na televisheni ya ESPN mwezi Mei mwaka 2015 iliwafunulia watu yaliyokuwa nyuma ya pazia. Walimwona Leppan asiye na mavazi ya karamu, baba wa mtoto aliyezaliwa na maradhi mazito, mwenye kuihitaji kazi ile kwa kila hali. Waliokuwa wamecheka usiku wa Albany walipata kujua kwamba ngoma ile ilichezwa na mtu aliyekuwa anaitetea ajira yake. Mhamiaji yeyote atalitambua jambo hilo. Ukiwa ugenini huchagui sana jina unaloitwa, mradi mshahara uje.

Afrika ya kubuni

Yaliyompata Leppan hayakuwa mapya. Mieleka ya Marekani imekuwa ikiibuni Afrika yake kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1980, kampuni ya American Wrestling Association ilikuwa na mhusika aliyeitwa Colonel DeBeers, kanali wa Afrika Kusini aliyetetea ubaguzi wa rangi mbele ya kamera na kuwatukana wanamieleka weusi. Aliyeuigiza uovu huo alikuwa Mmarekani, Ed Wiskoski, ambaye hakuwa Mwafrika Kusini hata kidogo. Wakati watazamaji wa Marekani wakimzomea kanali huyo wa kuigiza, Afrika Kusini ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1985 katika baadhi ya wilaya na kuenezwa nchi nzima Juni mwaka 1986, na vitongoji vya Johannesburg vilikuwa vikikaliwa na askari.

Wasikilizaji wa Uganda nao wana fungu lao. Katika miaka hiyohiyo, mtu aliyejulikana kama Kamala, jitu la Uganda, alipanda ulingoni akiwa amejipaka rangi usoni na tumboni, miguu pekupeku, ngao na mkuki mkononi. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, aliyefariki dunia mwaka 2020. Naye Kofi Kingston, aliyezaliwa Ghana, alitangazwa kwa muda mrefu kuwa ni mtu wa Jamaica, mpaka mwaka 2009 kampuni ilipoiacha hadithi hiyo. Miaka kumi baadaye, tarehe 7 Aprili 2019, alimshinda Daniel Bryan katika WrestleMania ya 35 na kuwa bingwa wa WWE wa kwanza aliyezaliwa Afrika, akitajwa kwa asili yake ya Ghana. Kwa hiyo mambo hubadilika, ila huchukua muda.

Watetezi wa mchezo huu husema kwamba haya yote ni maigizo na kila mtu anajua. Kampuni yenyewe ilijitetea hivyo Februari mwaka 2013, wakati mtangazaji wa Marekani Glenn Beck alipochukizwa na mhusika wa Zeb Colter. WWE ilitoa ukanda wa video ambamo Colter na Swagger walianza kuhubiri chuki yao ya kawaida, kisha kamera ikasogea nyuma na kuonyesha pazia la kijani la studio, nao wakajitambulisha kwa majina yao halisi na kueleza kwamba wanacheza sehemu za waovu katika tamthilia. Ulikuwa utetezi wa werevu, na kwa kiasi fulani ulikuwa wa haki. Mwovu wa tamthilia huwekwa ili azomewe.

Lakini utetezi huo unamfaa mtazamaji ambaye chuki ya aina hiyo haijawahi kumgongea mlango.

Neno la Kizulu

Katika mitaa ya Johannesburg kama Yeoville, Hillbrow na Mayfair, Kiswahili si lugha ngeni. Huzungumzwa na Wakongo wanaouza sokoni, na Watanzania na Wakenya waliokwenda kutafuta maisha. Watu hao wanaijua hotuba ya Colter, kwa kuwa wameisikia bila ulingo na bila pazia la kijani.

Tarehe 11 Mei mwaka 2008, ghasia dhidi ya wageni zilizuka Alexandra, kitongoji kilicho jirani na majumba ya fahari ya Sandton, zikaenea kwingineko nchini. Watu wasiopungua 62 waliuawa na makumi ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Taarifa nyingi za wakati huo zilieleza namna makundi ya washambuliaji yalivyowapima watu barabarani: mtu alishikwa na kuulizwa kiwiko cha mkono kinaitwaje kwa Kizulu. Jibu ni indololwane, neno ambalo mgeni haokoti kirahisi katika mazungumzo ya sokoni. Aliyelikosa alikuwa hatarini. Na kwa vile hata miongoni mwa wenyeji wako wasiozungumza Kizulu, mtihani huo haukuwachagua wageni peke yao. Waafrika Kusini 21 walikuwamo katika hesabu ya waliouawa.

Kiwiko katika mieleka ni silaha ya kila siku. Mwanamieleka humpiga mwenzake kiwiko kifuani, na mashabiki hushangilia wakijua kwamba wote wawili watarudi nyumbani. Huko Alexandra kiwiko kilikuwa swali, na waliokosa jibu hawakuwa na hakika ya kurudi nyumbani.

Ghasia za namna hiyo zilirudi Aprili mwaka 2015, zikianzia Durban na kufika Johannesburg, na tena Septemba mwaka 2019, wakati maduka ya wageni yalipochomwa moto na Nigeria ikawarudisha nyumbani mamia ya raia wake. Mwaka 2021 vuguvugu la Operation Dudula lilianzia Soweto, likiwataka wageni waondoke, kwa hoja ambazo mwandishi wa maneno ya Zeb Colter angeweza kuzinakili bila kubadilisha mengi: wanachukua kazi, wanajaza hospitali, wanaharibu nchi. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Johannesburg hajakataa jembe, na mara nyingi kosa analoambiwa amelifanya ni kwamba amelima mno.

Kwa kuyajua haya ndipo kipande kile cha Albany kinapopata uzito. Mwana wa Johannesburg alisimama ugenini mbele ya mzee anayesema kwamba wageni waondoke, akamjibu kwa ngoma. Kama waandishi wangempa sentensi moja tu, akataja anakotoka, kichekesho kingekuwa na mzizi. Mtazamaji wa Johannesburg angemwona mtu wa kwao akiwa mgeni, akipimwa kama wageni wanavyopimwa mtaani kwake. Mchezo wa Jumatatu usingezuia ghasia za mwaka uliofuata. Lakini kazi mojawapo ya maigizo ni kumkalisha mwenyeji katika kiti cha mgeni, japo kwa dakika tano, na usiku ule kiti kilikuwapo ulingoni bila mtu kukikalia.

Waliobeba na aliyebebwa

Mbegu iliyopandwa Jumatatu ile haikukua sana. Uhasama wa Rose na Swagger ulififia. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rose aligeuzwa kuwa mwovu aliyemshambulia sungura, yaani mtu wa msafara wake aliyevaa vazi la mnyama huyo. Januari mwaka 2016 akawekwa katika kundi la watu wanne waliojiita waliotengwa na jamii, na mwezi Mei mwaka huo akaachana na WWE.

Liko jambo moja zaidi la kukumbukwa. Kila alipojitokeza, Rose alijirusha mgongo nyuma, na watu wa msafara wakamdaka na kumbeba juu juu. Mara nyingi watu hao walikuwa wanafunzi wa mieleka waliofichwa ndani ya mavazi, wasiotajwa jina. Miongoni mwa waliopita katika msafara huo kwa nyakati tofauti ni Braun Strowman, aliyekuja kuwa bingwa, na Becky Lynch, binti wa Ireland aliyeshinda pambano la mwisho la WrestleMania ya mwaka 2019, usiku uleule wa Kofi Kingston. Waliobeba walifika mbali kuliko aliyebebwa. Mashabiki waliokuwa wakimtazama mcheza ngoma hawakuwaona.

Na hivyo ndivyo kipindi cha kila wiki kinavyokwenda. Hakisubiri. Jumatatu moja humleta mtu kwa muziki na shangwe, na Jumatatu nyingine jina lake halitajwi tena. Huo ndio udhaifu wake na ndiyo nguvu yake, kwa maana aliyepewa hadithi mbovu wiki hii anaweza kupewa njema wiki ijayo, kama Kofi Kingston alivyorudishiwa Ghana yake. Muuza mboga wa Yeoville aliyevunjiwa kibanda hana mwandishi wa kumwandikia Jumatatu nyingine. Hukusanya mbao zake, akarudi sokoni asubuhi.